Safari Iliyoishia Njiani

Huu ulikuwa usaili wa nne, na rubani mpya alikuwa amechoka kutabasamu. Dada yake alimkaririsha majibu wiki nzima: usibishe, usikiri udhaifu wowote. Mara tatu alimtii, na mara tatu mashirika ya ndege yakamwambia, "Tutakupigia."

Kapteni aliyemsaili alifungua daftari la rubani huyo la saa za kuruka. Kidole chake, chenye kucha iliyopasuka, kikateremka mstari kwa mstari, kisha kikasimama.

"Hapa uliondoka, ukarudi baada ya dakika ishirini. Ndege ilikuwa mbovu?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: hitilafu ndogo tu. Nani angejua?

"Ndege ilikuwa nzima, Kapteni," alisema, sauti ikimpanda. "Wingu lilifunga mbele yangu, nikaogopa, nikageuza. Nilipotua, mwalimu alinicheka mbele ya wenzangu. Na likifunga tena kesho, nitageuza tena. Kama hamtaki rubani mwoga, niambieni leo leo, maana nimechoka kusubiri simu."

Kapteni hakulifunga daftari. Alisogeza kiti chake karibu na meza.

"Ulikuwa kwenye futi ngapi," aliuliza, "ulipoamua kugeuza?"