Jina Lililoitwa Mwisho

Sheria ilikuwa moja: jina lako ni lile uliloitwa mara ya mwisho. Kila nyumba ilikuwa na programu yake inayosikiliza, na ikisikia jina, inaliandika kwenye kanzidata.

Siwatu alikuwa amehitimu masomo ya jioni, na saa kumi na mbili vyeti vingechapishwa kwa majina yaliyomo humo. Bila cheti chenye jina lake, kazi hapati. Akafungua dirisha jeusi la amri kama alivyofundishwa, akaiuliza kanzidata nani wanaishi humu. Ikajibu: Makame. Hidaya. Mama Hidaya.

"Ala!" Akachapa amri ya kurekebisha mstari wake: Siwatu Kombo. Ikakubali.

"Mama Hidaya, chumvi umeiweka wapi?" mumewe akaita kutoka jikoni. Mstari ukageuka.

"Makame wewe! Niite jina langu!"

"Lile la kwenu? Mbona naona haya!" Akacheka. "Haya, Siwatu wangu."

Skrini ikaandika: Siwatu Wangu.

"Punguza mahaba, bwana, dakika moja imebaki!"

"Siwatu Kombo!" Makame akanguruma kama mwalimu anayeita mahudhurio. Jina likatulia.

Hapo Hidaya, binti yao wa miezi kumi ambaye hajawahi kutamka neno, akamkazia mamake macho. "Mama," akasema.

Makame akaangusha mwiko. Kwenye skrini Siwatu akaona mstari wake: Mama. Vidole vilikuwa tayari juu ya vibonye, sekunde zikiyoyoma.

Akampakata mtoto kwa mikono miwili. "Sema tena," akamnong'oneza.