Changu kwa Mtindi

Mama mkwe alisukuma sahani mbele akasema, "Niongeze." Siwema alibaki na upawa mkononi, hajui acheke au akimbie.

Homa ilikuwa imemlaza bibi huyo siku tatu, na kila chakula alikikataa. Leo amemmaliza changu mzima, akalamba na vidole.

"Tui lako la leo tamu, mkamwana. Umelitia ukwaju?"

Hapakuwa na tui. Palikuwa na bakuli la mtindi lililokosa mnywaji, maana duka la ushirika halikuwa na sukari mwezi mzima. Siwema aliukoroga na bizari juu ya moto mdogo, usikatike, kisha akatumbukiza samaki. Samaki na maziwa! Katika nyumba hii ya Kariakoo kila mtoto alikua akiambiwa kwamba anayevichanganya hutoka mabaka mwili mzima.

Angeitikia tu "ndiyo", bibi angekula akapata nguvu. Hata hakujua kwa nini maneno mengine yalimtoka.

"Ni mtindi, mama."

Mkono wa bibi uliganda hewani. Tone la mchuzi wa manjano liliteremka polepole kutoka kidoleni hadi kwenye kifundo. Akaikodolea macho ngozi yake, kama anayesubiri baka la kwanza. Kisha, Siwema asielewe kitu, akalilamba lile tone.

"Umenilisha mwiko wa nyumba hii," akasema, sahani bado ameisogeza mbele. "Niombe radhi."

Siwema akachota upawa uliojaa.

"Siombi, mama."