Mashavu ya Maimuna

Maimuna, aliyechaguliwa kumsinga biarusi, kumsugua mwili kwa manukato ya singo, aliingia chumbani mashavu yakiwa mekundu kana kwamba ametoka kugombana na jiko. Wanawake wakavuta mikeka yao kama walioona siafu.

"Ishia hapo hapo, shoga," alisema Tatu. "Ugonjwa huo unaambukiza."

Maimuna akacheka, akidhani ni utani. Si Tatu huyu aliyempeleka kwa daktari wa ngozi, akasikia kwa masikio yake kwamba hauambukizi? Si ndiye anayempaka ile jeli ya daktari kila asubuhi kwa kidole chake?

"Hebu waambie, Tatu."

"Niwaambie nini?" Tatu alikuwa keshalivutia kwake bakuli la singo.

Maimuna akatoa jeli mkobani, akajipaka mbele yao wote. Biarusi alikuwa amenyoosha mkono, hajui ampe nani.