Kidonge Chini ya Kisahani

Siku hizo katika kila nyumba ya Mbeya watu walimeza kidonge cha asubuhi pamoja na chai. Kilizuia protini inayofungua vijilango kwenye utando wa seli, na homa ikakosa pa kupenyea. Lakini ubongo nao hutumia vijilango hivyo hivyo kufuta yaliyopita, kwa hiyo hakuna aliyesahau kitu tena. Neno baya la mwaka juzi liliuma kama limesemwa jana. Ndiyo maana wanandoa waliogombana sana waliacha kidonge kwa muda, wote wawili, wakaihatarisha afya yao mpaka hasira ipoe.

Asubuhi moja Sekela aliinua kisahani cha mumewe, akakuta kidonge chini yake.

"Baba Lusajo, kwani tumegombana?"

"Hapana, mama Lusajo." Ambokile hakuinua macho. "Nimechoka. Kila nikiamka, namzika mwanetu upya. Niache nipumzike kidogo."

Sekela alitaka kufoka, ila aliona jinsi mumewe alivyokonda. Akamwongezea chai. Kisha akameza kidonge chake mwenyewe, maana lazima mmoja wao abaki na sauti ya mtoto.

Siku zilivyokwenda Ambokile alinenepa, akaanza kupiga mluzi akinyoa ndevu. Sekela alifurahi, kweli alifurahi. Hadi jioni moja aliposikia anaitwa kutoka uani, kwa sauti nyepesi ya yule kijana aliyemwoa:

"Sekela! Sekela, njoo uone mparachichi wetu ulivyozaa!"

Alisimama jikoni na mwiko mkononi, akisubiri amwite mama Lusajo.