Namba Ikilala

Namba ilikuwa imepanda tena. Mama Kindi akaisonya simu.

"Mtu mwingine huyo," alimwambia mwenzake wa meza ya pili. "Kwani watu hawana kazi za kufanya?"

Walikuwa wapiga pasi katika duka la dobi, wawili kwa zamu, na mvuke ulikuwa umeshawalowesha migongo. Mwenzake aligeuza shuka upande wa pili. Tangu wiki ianze alikuwa anasikia habari za namba hiyo hiyo.

Kindi ni jina la mtandaoni. Ndiye kitindamimba wake, kijana mzima mwenye ndevu, ambaye badala ya kutafuta kazi hukwea minara ya simu na kreni za majengo bila kamba, kamera ameifunga kwenye paji la uso, kisha huzirusha video hizo mwenyewe kwa yeyote atakayetazama. Baba yake alikuwa fundi rangi. Alianguka kutoka ghorofa ya pili, na ghorofa ya pili ilitosha.

Mama alibembeleza, akalia, akanuna, akaapa mbele yake kwamba video zile hatazitia machoni mwake hata moja. Haikusaidia kitu. Lakini Jumapili Kindi alikuja mwenyewe amenywea, akakiri kwamba watazamaji wanamkimbia.

"Tufanye hivi, mama. Hii video ya mwisho naiacha wiki nzima bila kurusha nyingine. Namba ya watazamaji ikilala, naacha mambo ya juu, naenda gereji kwa mjomba. Ikiendelea kutembea, usiniambie neno tena."

Wakapeana mikono, na kwa mara ya kwanza tangu msiba, mama alilala akakoroma.

Raha hiyo haikufika mbali. Namba zile hazijui kushuka, kwa hiyo alichoomba ni isimame tu, na ili kujua kama imesimama ilibidi aiangalie. Akimaliza shati, anafungua simu. Akimaliza suruali, anafungua tena. Kiapo chake hakukivunja: alisoma namba iliyo chini ya picha, kisha akailaza simu kifudifudi juu ya mashuka na kuendelea na pasi, huku upepo wa kule juu ukivuma ndani ya spika. Kuizima katikati hakuweza. Amwache mtoto ananing'inia mnarani, yeye afunge simu aendelee na nguo za watu? Mama gani huyo. Alingoja mpaka asikie buti zimegusa changarawe, ndipo akaifunga na kushusha pumzi.

Na kila alipofungua, namba ilikuwa imeongezeka. Si sana. Tone kwa tone, kama paa linalovuja.

"Utamaliza bando," mwenzake alisema.

"Heri liishe bando kuliko mwanangu."

Mwenzake alitaka kumwambia kwamba asiyesikia la mkuu, akakumbuka methali hiyo inaishia wapi, akaimeza. Akachukua shuka jingine.

Kufikia Ijumaa mama hakuwa anakula. Aliwachukia watu hao asiowajua, waliokaa mahali fulani na vidole vyao wakimsukuma mwanawe juu. Aliwaombea simu zao zizimike. Aliwaombea hata maradhi madogo madogo ya macho, kisha akatubu, kisha akafungua kuona kama dua imepokelewa. Haikuwa imepokelewa.

Jumamosi jioni Kindi aliingia ameoga, amenyoa, anatabasamu. Mama alipoliona tabasamu lile, alivuta kiti akakaa.

"Namba haikulala, mama."

"Ni wangapi hao wasio na huruma?"

"Si wengi. Kuna ukurasa wa takwimu, unaonyesha watu wanatoka wapi, wanatazama kwa muda gani. Wa zamani wote wameondoka. Kusema kweli nilishakata tamaa, hata mjomba nilishampigia, akaniambia Jumatatu nije na ovaroli."

Mama akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Basi nenda, mwanangu. Sikuombi kingine duniani. Nenda ukafungue nati za watu, uchafuke, urudi nyumbani."

"Ningeenda. Lakini kesho napanda bomba la moshi la kiwandani, lile refu." Akainama, akamkumbatia, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo mama hakuwa ameisikia tangu wamzike baba. "Kuna mmoja amebaki, mama, na mtu akikupenda hivyo huwezi kumwangusha. Yuko hapa hapa mjini, anaifungua video yangu asubuhi mpaka jioni, na haondoki mpaka ahakikishe nimekanyaga chini."