Upana wa Kidole

Miezi tisa tangu Mwanakombo akizamishe kile chombo cha magurudumu kwenye mchanga wa sayari ya Mirihi, hajakanyaga kwao. Desturi ya kituo kinachokiongoza kutoka duniani haina huruma: aliyekwamisha ndiye anayekwamua. Kila asubuhi hutuma amri moja tu, gurudumu lizunguke nusu, kisha husubiri picha irudi.

Leo mkuu wa kituo, Mzee Kitwana, alimletea karatasi. "Mwanangu, hicho hakitoki tena. Tia saini kwamba kimekufa, uende ukamwone mwanao."

Aliposhika kalamu, picha ikaingia. Gurudumu lilikuwa limeinuka upana wa kidole.

"Vipi, kuna jipya?" mzee aliuliza kutoka mlangoni.

Mwanakombo akavua mtandio, akaifunika skrini taratibu, kama anayefunika uso wa maiti, kisha akatia saini.