Ufito Ubavuni mwa Baiskeli

Jana kioo cha pembeni cha basi kilimgonga Sikudhani kiwiko, akaanguka na baiskeli yake, mikate ya wateja ikalala mchangani. Leo asubuhi alikata ufito wa urefu wa mkono, akaufunga kwa kamba ya mpira nyuma ya baiskeli ili uchomoze upande yanakopita magari. Nchani akaning'iniza kitambaa chekundu.

Kaka yake Shomvi, dereva wa lori, alikuwa kibarazani akinywa chai. Alicheka hadi akapaliwa.

"We Sikudhani, baiskeli imeota mkia wa ubavuni? Utawakwaruzia watu magari!"

"Nikimkwaruza mtu, kaka, basi amenikaribia mno."

"Gari haliogopi kijiti."

"Mimi hamniogopi. Rangi ya gari mnaiogopea."

Shomvi akapuliza chai iliyokwisha poa.

Barabarani, honi ya basi ilimfikia Sikudhani mgongoni kabla hajamaliza mteremko. Siku zote angeshuka mchangani. Safari hii alikaza mikono, akabaki juu ya lami; pembeni, lakini juu ya lami. Honi ikalia tena, ndefu, ya kutukana. Akaendelea kukanyaga pedeli.

Basi likapunguza mwendo. Kisha likahama, likapita mbali naye, abiria wamegeuza shingo madirishani.

Mbele, mwuza maji aliyekuwa akikokota baiskeli yake mchangani alisimama, akautazama ule ufito ukipita. Akafuta jasho, akageuza usukani, akalipandisha gurudumu la mbele juu ya lami.